Ua la Nne Lililokimbia Mahali Pake

Mwimo ule bado upo karakanani kwetu hapa Bagamoyo, umeegemezwa ukutani nyuma ya randa ya umeme, na hakuna mgeni anayeingia asiulize kwa nini ubao mzuri namna ile wa mkongo una nusu ua ukingoni. Nimechoka kueleza kwa mdomo, kwa hiyo leo nimeamua kuiandika habari yake yote, hasa kwa ajili ya wale wanaoendesha mashine za CNC, yaani zinazoongozwa na kompyuta, na ambao wameanza kuzigawa programu zao katika sabrutini bila kuambiwa na mtu ni wapi sabrutini humponza fundi.

Sabrutini, kwa asiyeijua, ni kipande cha programu kinachoandikwa mara moja na kuitwa mara nyingi. Wachongaji wa milango wa mji huu walikuwa na kitu hicho kabla kompyuta haijafikiriwa, nao walikiita kiolezo. Mzee wetu wa nakshi anavyo violezo vya karatasi ngumu na vya bati, vya waridi, vya samaki na vya mnyororo, naye hukilaza kimoja juu ya ubao, akakifuatisha kwa penseli, akakisogeza mbele, akafuatisha tena. Mashine yetu hufanya vivyo hivyo: programu kuu huipeleka biti, yaani ncha inayokata, mahali ua linapotakiwa, kisha huiita sabrutini ya ua, nayo huchonga majani yote kuanzia pale biti ilipo, halafu hurudisha usukani kwa programu kuu. Mashine yenyewe ni ruta ya mbao ya mihimili mitatu inayoongozwa na LinuxCNC, programu huria ambayo asili yake ni mradi wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, na nitakayoyasema kuhusu amri zake ni ya programu hiyo mpaka nitakapotaja nyingine.

Kazi ilikuwa miimo ya milango ya vyumba vya nyumba ya wageni. Kila mwimo ulikuwa na urefu wa milimita 2,100 na upana wa milimita 120, na juu yake tulitakiwa kuchonga maua 14 yaliyopangwa kwa mstari mmoja, katikati ya ua na katikati ya ua linalofuata pakiwa na milimita 150. Ua la kwanza lilikaa milimita 75 kutoka ncha ya juu, la pili 225, la tatu 375, hivyo hivyo mpaka la 14 ambalo liko 2,025, na kila moja lilikuwa na nusu kipenyo cha milimita 45. Mteja alitaka mahali pa ua la tatu paachwe wazi, kwa kuwa hapo ndipo kingepigiliwa kibao cha namba ya chumba, sawa na usawa wa macho ya mtu aliyesimama mlangoni.

Kuruka ua halikuwa jambo geni kwetu. Sabrutini yangu hupokea thamani tatu, yaani nusu kipenyo, idadi ya majani na kina cha mchongo, na tangu siku nilipoiandika nilimfundisha kijana ninayefanya naye kazi kwamba akitaka ua lisichongwe aandike kina kuwa sifuri. Akaandika kama nilivyomwelekeza. Hivi ndivyo mistari yake ya ua la tatu na la nne ilivyokuwa:

G0 X375 Y60
o<ua> call [45] [8] [0]
G0 X525 Y60
o<ua> call [45] [8] [4]

G0 huipeleka biti mahali, X ikiwa kipimo cha urefu wa ubao na Y cha upana wake, na call huiita sabrutini ya ua kwa thamani zake tatu. Hakuna mtu atakayeitazama mistari hiyo akaona kosa, na kwa kweli kosa halimo humo.

Ilikuwa Ijumaa. Nilitoka kwenda kuswali mashine ikiwa kwenye ua la pili, na niliporudi nilimkuta mzee amekaa kwenye benchi akiutazama ubao bila kusema kitu, jambo ambalo kwake ni dalili mbaya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu njoo uhesabu maua haya, labda ni macho yangu."

Nikahesabu. Ua la kwanza na la pili yalikuwa mahali pake. La tatu halikuwepo, kama ilivyotakiwa. La nne nalo halikuwepo. La tano mpaka la 14 yalikuwa sawasawa, safi, hayana wasiwasi wowote. Lakini kati ya la sita na la saba, kwenye ukingo kabisa wa ubao, palikuwa na nusu ua, nusu yake nyingine ikiwa imechongwa hewani, na ncha za majani yake zilikuwa zimelikosakosa ua la sita kwa kama milimita sita tu.

Kijana akasema ni umeme, kwa sababu asubuhi ile ulikuwa umekatika na kurudi mara mbili. Mzee akasema ni joto. Mimi nikasema mota ya mhimili imekosa hatua, na nikaanza kutafuta bisibisi nikaze kiungo cha parafujo ya mhimili. Natumaini msomaji atanisamehe kwa kuieleza aibu hii, lakini nusu saa nzima ilipotea hapo, ilhali jibu la swali hilo lilikuwa limeandikwa juu ya ubao. Mota za hatua za mashine kama yetu hazina kitu cha kumwambia kidhibiti mahali zilipo kwa kweli; kidhibiti huzituma hatua na kuamini zimefika. Mota ikikosa hatua, kidhibiti hakijui, na kila kitakachochongwa baada ya hapo kitakuwa kimehama kwa kiasi kile kile mpaka mwisho wa kazi. Sasa, ua letu la tano lilikuwa limerudi mahali pake kamili. Mota iliyopotea njia hairudi yenyewe kwa milimita zile zile ilizopotea. Kitu kilichohama kwa ua moja na kurudi kwenye ua linalofuata si chuma wala umeme, ni maandishi.

Ndipo nikachukua tepu. Nilipima kutoka ncha ya ubao mpaka katikati ya lile nusu ua nikapata 900, na kutoka ukingo wa sifuri nikapata 120. Ua la nne lilitakiwa kuwa kwenye 525 na 60. Nikaziandika namba hizo juu ya kipande cha ubao na kuzitazama kwa muda, mpaka kijana, ambaye hesabu zake ni za haraka kuliko zangu, akasema: "Kaka, 900 si ni 375 ukiongeza 525?" Na 120 ni 60 ukiongeza 60. Mashine haikuipokea X525 kama mahali pa kwenda. Iliipokea kama umbali wa kusogea kutoka pale ilipokuwa imesimama, yaani kwenye ua la tatu ambalo halikuchongwa.

Kwa lugha ya mashine, tofauti hiyo ni ya kodi mbili. G90 huiambia mashine kwamba namba zote ni mahali, zikipimwa kutoka kwenye sifuri ya kazi. G91 huiambia kwamba namba zote ni masafa, zikipimwa kutoka pale biti ilipo sasa. Kodi hizi hukaa: ukiitaja moja, inaendelea kutawala mpaka utakapoitaja nyingine, hata kama katikati umeingia na kutoka katika sabrutini kumi. Sabrutini ya ua hutumia G91 kwa sababu nzuri kabisa, kwamba ua lile lile lichongwe popote bila kujali liko wapi kwenye ubao, na mwisho wake nilikuwa nimeandika G90 ili kurudisha mambo yalivyokuwa. Nikaifungua faili, na hapo juu kabisa nikaliona kosa langu mwenyewe, la mkono wangu mwenyewe:

o<ua> sub
G91
o10 if [#3 LE 0]
o<ua> return
o10 endif

Hapo #3 ni thamani ya tatu, yaani kina, LE 0 ni sifuri au chini yake, na return ni kutoka. Baada ya mistari hiyo hufuata uchongaji wote, kisha G90, kisha endsub inayoifunga sabrutini, kisha M2, amri ya kumaliza programu. Sabrutini ikiitwa kwa kina cha milimita nne, hupita mlango wa mbele na kutoka mlango wa nyuma, ambako G90 inaisubiri. Ikiitwa kwa kina cha sifuri, huingia, huvaa G91, hukuta sharti limetimia, na kutoka kwa mlango wa pembeni ikiwa bado imeivaa. Programu kuu haikuambiwa. Ikasema nenda X525, mashine ikasogea 525. Kisha sabrutini ikaitwa tena, safari hii kwa kina cha kweli, ikachonga ua lake pale ilipojikuta, ikatoka kwa mlango wa nyuma na kurudisha G90, na ndiyo maana ua la tano na mengine yote yalikaa mahali pake kama kwamba hakuna lililotokea. Kosa lilikuwa limejisafisha lenyewe.

Lililonisumbua zaidi ni kwamba sabrutini hiyo ilikuwa imefanya kazi kwa miezi, na tulikuwa tumeshawahi kuruka maua mara nyingi. Tofauti ni kwamba milango yote ya awali ilirukwa ua la mwisho, lile la chini kabisa, ambako wateja wengine hupenda kupigilia bati la shaba ili maji ya kudekia yasiuozeshe mwimo. Baada ya ua la mwisho programu kuu huwa na mistari mitatu tu: inue biti kwa G0 Z50, rudi nyumbani kwa G0 X0 Y0, kisha M2. Chini ya G91, Z50 huinua biti milimita 50 zaidi, na hilo halina madhara. X0 Y0 humaanisha usisogee hata kidogo. Na M2, pamoja na kazi zake nyingine, huirudisha LinuxCNC kwenye G90. Kwa hiyo kosa lilikuwa likizikwa kila siku na mstari wa mwisho wa programu.

Lakini halikuzikwa kimya kimya, na hapa ndipo ninapojilaumu. Siku zote tulizoruka ua la mwisho, kichwa cha mashine hakikurudi nyumbani. Kilibaki kimeinuka juu ya mwisho wa ubao, na kijana alikuwa akikirudisha kwa vitufe vya kibodi ili aweze kufungua klampu. Aliwahi kuniuliza. Nilimjibu kwamba pengine amesahau kuandika mstari wa kurudi, na sikwenda kuutazama. Mstari ulikuwepo.

Nilipokwisha kulijua kosa sikutaka kulirekebisha papo hapo, kwa sababu dhana iliyolingana na namba mbili bado ni dhana. Nilitaka kuliona likitokea. Katika skrini ya Axis, ambayo ndiyo sura ya LinuxCNC tunayoitumia, kuna ukurasa wa MDI ambamo unaweza kuandika amri moja moja, na chini yake huonyeshwa orodha ya kodi za G zinazotawala kwa wakati huo. Nikiwa nimeinua biti mbali na meza, niliandika wito wa sabrutini kwa kina cha sifuri peke yake, bila programu kuu, nikabonyeza, na nikaitazama orodha. Kabla ya wito palikuwa na G90. Baada ya wito palikuwa na G91. Kipimo hicho huchukua chini ya dakika moja, na tangu siku ile hakuna sabrutini inayoingia kwenye folda yetu kabla ya kuitwa kwa MDI kwa thamani za kawaida, kwa sifuri, na kwa thamani za kipuuzi, huku mmoja wetu akiisoma orodha ile kabla na baada.

Kipimo cha pili nilichokifanya ni cha kuandika badala ya kuchonga. Tulifunga kalamu mahali pa biti, tukatandaza maboksi yaliyokunjuliwa juu ya meza, na kuiendesha programu yote ya mwimo. Kalamu ilichora nusu ua lile lile, kwenye 900 na 120. Tukairudia, ikalichora tena juu ya la kwanza bila kukosea hata upana wa wino. Hilo lilimaliza ubishi wa umeme na joto: hitilafu ya umeme haina nidhamu ya namna ile.

Cha tatu ni amri ya DEBUG, ambayo huandikwa ndani ya mabano ya duara kama vile ni maelezo tu ya fundi, lakini LinuxCNC huitambua na kuonyesha ujumbe wake kwenye skrini, ikibadilisha kila parameta, yaani kila jina lenye alama ya # linalobeba thamani, kuwa thamani yake halisi. Niliiweka kwenye mstari wa kwanza wa sabrutini ili ionyeshe #1, #2 na #3, ambazo ndizo thamani zilizopitishwa, pamoja na #5420 na #5421, ambazo hubeba mahali pa X na Y kwa wakati huo. Wito wa nne ulisema 900 na 120 hata kabla ya jani la kwanza kuchorwa. Ukiwa na mstari mmoja wa namna hiyo mlangoni mwa sabrutini, unajua mara moja kama kosa limeingia nayo kutoka nje au limezaliwa ndani, na swali hilo ndilo la kwanza kuulizwa, maana bila jibu lake mtu anaweza kuzunguka ndani ya sabrutini iliyo salama siku nzima.

Nikiri pia kwamba picha ya njia ya biti, ambayo Axis huichora mara programu inapofunguliwa, ilikuwa ikionyesha nusu ua lile tangu mwanzo. Inasomwa na mkalimani yule yule wa amri, kwa hiyo haina sababu ya kudanganya. Tatizo ni kwamba ubao wa zaidi ya mita mbili ukioneshwa wote kwenye skrini ndogo, maua 14 huonekana kama ushanga, na nusu ua halimshtui mtu mwenye haraka.

Marekebisho yalikuwa ya mistari miwili. Kwanza nililisogeza sharti la kina juu ya G91, ili mlango wa pembeni uwe kabla ya mtu kuvaa chochote. Pili, na hili ndilo ningependa kila anayetumia LinuxCNC alijue, niliongeza M73 mara tu baada ya mstari wa sub. Amri hiyo huhifadhi hali za mashine zilivyo wakati wa kuingia, kama vile G90 au G91, milimita au inchi, na mwendo wa kukata uliowekwa, kisha huzirudisha zenyewe sabrutini inapofika endsub au inapokutana na return, kwa mlango wowote itakaotokea. Zipo pia M70 ya kuhifadhi na M72 ya kurudisha kwa anayetaka kuamua mwenyewe mahali pa kufanya hivyo. M73 ina mipaka yake: haikirudishi kichwa mahali kilipokuwa, na ukiisimamisha programu kwa nguvu katikati ya sabrutini, hali za mwanzo hazirudishwi. Kwa sababu hiyo kila programu kuu yetu sasa huanza na mstari mrefu wa G17 G21 G40 G49 G80 G90 G94, ambao mzee huuita bismillah ya mashine.

Baada ya mkasa huo nilizipitia sabrutini zote tulizo nazo, na yapo mengine niliyoyakuta ambayo sitayarefusha kama hili la ua, lakini yanastahili kutajwa.

Moja ni la parameta. Katika LinuxCNC, parameta za #1 mpaka #30 ni za ndani ya sabrutini. Kila wito hupewa zake na hazigusi za mwingine. Kuanzia #31 ni mali ya wote. Sabrutini yetu ya mnyororo ilihesabu pete zake kwa #100, na programu kuu moja ilihesabu safu zake kwa #100 hiyo hiyo, hivyo safu ikawa inaruka au inarudiwa kulingana na idadi ya pete. Dawa yake ni kutumia majina: #<pete> ni ya ndani, na #<_pete>, yenye mstari wa chini mbele, ni ya wote. Kistari kimoja tu hutenganisha hayo mawili, kwa hiyo kisomwe kwa makini.

Lingine ni la thamani inayosahauliwa. Ukiita sabrutini ya thamani tatu ukatoa mbili, LinuxCNC hailalamiki. Ya tatu huwa sifuri. Kabla ya mkasa wa ua la nne, kina kilichosahauliwa na kina kilichofutwa kwa makusudi vilikuwa kitu kimoja machoni pa sabrutini yangu, na huo ni usanifu mbaya ambao sikuugundua kwa sababu niliupenda urahisi wake. Sasa anayetaka kuruka ua huandika kina kuwa hasi, na sifuri huisimamisha kazi kwa ujumbe.

Lipo la thamani inayowekwa na kutumiwa kwenye mstari mmoja. Mtu akiandika #3=15 G1 X#3, ataona mashine ikienda kwenye thamani ya zamani ya #3, kwa kuwa mkalimani husoma kwanza parameta zote za mstari ndipo aziwekee thamani mpya. Weka thamani kwenye mstari wake, itumie kwenye unaofuata. Na lipo la mabano: hesabu zote hukaa ndani ya mabano ya mraba, kwani yaliyomo ndani ya mabano ya duara huhesabiwa kuwa maelezo na hayatekelezwi. Kijana wangu, aliyetoka shule na hisabati yake nzuri, ilimchukua wiki kuacha mazoea ya duara.

La majina ya faili lilitutesa siku mbili. Sabrutini inayokaa kwenye faili yake lazima jina la faili lilingane na jina lililo kwenye sub, na LinuxCNC hugeuza jina unaloliita kuwa herufi ndogo zote kabla ya kulitafuta. Sisi huandika programu kwenye kompyuta ya mkononi ya Windows, ambayo haijali herufi kubwa na ndogo, kisha tunazihamisha kwa fleshi kwenda kwenye kompyuta ya mashine, ambayo ni Linux na inajali sana. Faili ya Mnyororo.ngc ilikuwepo mbele ya macho yetu na mashine ikisema haipo. Zaidi ya hapo ni nakala mbili za sabrutini moja katika folda mbili: unarekebisha hii, mashine inaiendesha ile, na unaanza kudhani akili zako zimeingiliwa. Nikishuku hivyo, huongeza ujumbe wenye tarehe ya leo ndani ya faili ninayoirekebisha. Usipotokea kwenye skrini, basi siyo hiyo inayoendeshwa.

Wanaotumia Fanuc, aina nyingine ya kidhibiti cha CNC, wana mitego yao. Rafiki yangu mmoja anayekata vyuma Dar es Salaam aliniomba nimsaidie, na nilifika kwake nikiwa na ujasiri wa mtu aliyejifunza juzi. Huko sabrutini ya kawaida huitwa kwa M98 na kurudi kwa M99, na haipokei thamani yoyote. Ukitaka kupitisha thamani unatumia G65 na herufi. A huwa #1, B huwa #2 na C huwa #3, na kila mtu mwenye akili timamu angetegemea D iwe #4. Siyo. D ni #7, na #4 ni I. Shimo lake lilikuwa likichimbwa bila kina kwa sababu hiyo tu. Tena, thamani isiyotajwa kwa Fanuc si sifuri bali ni tupu, kitu ambacho hakina thamani kabisa, kwa hiyo sharti la kupima sifuri lililotoka kwenye LinuxCNC linaweza lisifanye kazi uliyoikusudia. Na M99 ikiachwa kimakosa mwishoni mwa programu kuu haiisimamishi kazi. Huirudisha mwanzo, na mashine huanza upya juu ya kipande kilichokwisha kukatwa. Nilirudi Bagamoyo nikiwa mnyenyekevu zaidi kuliko nilivyoondoka.

Nilipomweleza mzee chanzo cha nusu ua, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Kwa hiyo kiolezo kilitoka na penseli ya mwenzake?" Nikamwambia ndiyo, ni hivyo hasa. Akacheka, akasema yeye violezo vyake huvitundika ukutani kabla ya kushika kingine, na akaendelea kunoa patasi yake.

Mwimo mwingine ulichongwa Jumatatu, ukatoka sawa, na ule ulioharibika tulikuwa tuukate vipande vya dirisha. Mzee alikataa. Alisema sehemu yenye ua la sita, nusu ua na ua la saba ataitumia kwa kazi yake mwenyewe, na ameshaanza kulimalizia lile nusu kwa mkono, akiliinamisha majani yake yafuate ukingo, kazi ambayo mimi sijui ningeiandikia sabrutini gani.